Njia Isiyo na Honi

Ndugu zangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama karibu na mlango kama watu wanaopanga kutoroka, asanteni kwa kunipa hii nafasi. Naitwa Ochieng', ila hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, wengi mnanijua kama Baba Neema, yule wa kupaka rangi nyumba. Sikuja kuhubiri. Nimekuja kuwaeleza vile nilipotea nikiwa nimelala kitandani, na vile nilirudi. Na niwaambie mapema: kuna mahali nitasema "sijui". Msidhani ni mbwembwe. Sijui kweli.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa nguvu. Napanda ngazi na ndoo ya rangi mkono mmoja, huku naimba. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa na raha yangu moja tu, baiskeli. Aliyeniambukiza hiyo raha ni Mwangi, mtoto wa landlord wetu. Familia ya Mwangi ilikuwa hapa tangu Kawangware ikiwa mashamba ya mahindi, na nafikiri ndiyo sababu hawezi kuvumilia kelele. Tulikuwa tunatoka yeye na mimi, tunatafuta njia ambazo magari hayapiti: kando ya mashamba ya majani chai, kando ya mito, vijinjia vya ng'ombe.

Mwangi alikuwa na sheria yake. "Ukisikia honi, kata kona ya kwanza. Hatujatoka nyumbani kuja kupigiwa kelele."

Mwanzoni niliona ni ujinga wa mtoto wa tajiri. Lakini ukimfuata mtu mwaka mzima unazoea. Ilifika mahali honi inalia, na mikono yangu imeshageuza usukani kabla mimi sijafikiria. Shikeni hilo vizuri, maana lilikaribia kuniua, halafu likaniokoa.

Sikuwa na baiskeli yangu. Niliazima kwa Mama Zaituni wa Makina, kule Kibera, mjane mmoja anayekaa hatua chache kutoka msikitini. Ilikuwa ya marehemu mume wake, nyeusi, nzito, ya zile za chuma cha kweli. "Ichukue itembee," aliniambia. "Chuma kikikaa kinaoza. Lakini uirudishe safi, Ochieng'. Nisione matope ya watu kwa kitu cha mzee wangu."

Basi mwaka huo tukaamua kwenda mbali, kwetu, ziwani. Tulishuka kwa basi Homa Bay, tukateremsha baiskeli kutoka juu, na kutoka hapo hatukugusa lami tena ila kuivuka. Tulipita njia za ndani mpaka Mbita, tukaingia Rusinga. Jameni! Upande huu maji, upande ule vilima, katikati vumbi na sisi. Omena, wale dagaa wa ziwani, imeanikwa kwa nyavu, mbuzi wanatuangalia kama wezi, na sauti pekee ni mnyororo. Mwangi alisimama kando ya maji, akavua helmeti, akanigeukia.

"Yaani nyinyi mlitoka hapa mkakuja kubanana Kongo? Mko sawa kweli?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilijivunia kwetu, wacha niseme ukweli.

Tulilala kwa shangazi yangu. Mwangi alikuwa amebeba neti, na alikuwa ameanza kumeza tembe za kuzuia malaria kabla hata hatujatoka Nairobi. Akanipa na mimi. Nikamkatalia mbele ya watu. "Mimi ni mtu wa ziwa. Mbu wa hapa wananijua, tumekua pamoja. Wataanza na wageni." Shangazi akacheka, kila mtu akacheka. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi niliona kulala ndani ya neti nyumbani kwetu ni kama kukaa kwa mama yako umevaa viatu. Kumbe mwili hausomi kitambulisho. Nilitoka ziwani nikiwa kijana, nimekaa Nairobi miaka na mikaka, na damu yangu ilikuwa imesahau kila kitu. Kwa wale mbu, mgeni nilikuwa mimi.

Tulirudi salama. Nikafanya kazi zaidi ya wiki, mzima kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyeunganisha mambo.

Asubuhi moja nikiwa juu ya ngazi, nilihisi baridi katikati ya jua. Meno yakaanza kugongana. Nikashuka, nikakaa chini, jasho likanitoka hata kwa mapaja. Nyumbani nikatapika chai, nikatapika maji, nikatapika kitu cha njano kichungu. Mgongo ulikatika. Kichwa kilikuwa kama mtu anapigilia misumari mabati akiwa ndani. Mkojo ukawa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa.

Mke wangu, Kadzo, akanipeleka kliniki moja ya karibu. Wakaniuliza nimekula wapi. Nikasema nimekula chapati na madondo, yale maharagwe ya kibanda. Wakasema ni taifodi, wakanipa vidonge. Hakuna aliyeniuliza nimelala wapi, na mimi sikusema. Si nilikuwa Nairobi? Nairobi malaria itoke wapi?

Siku iliyofuata Kadzo alitoka kwenda kufulia watu nguo Lavington, baada ya kuniapisha kwamba sitatoka kitandani. Na mimi nikaamka nikiwa na wazo moja tu: baiskeli ya Mama Zaituni. Lazima irudi. Lazima irudi safi. Nakumbuka nikiipangusa na shati langu la kanisa. Nakumbuka nikicheka. Mengine nimeambiwa.

Kutoka Kawangware hadi Makina mimi ningeenda nimefunga macho. Lakini ile siku kila honi ilinipiga ndani ya fuvu. Na sheria ni sheria. Honi, nakata kona. Pikipiki inapiga pii, nakata kona. Lori, kona. Nilikuwa nalia kwa hasira, naambia Mwangi atafute njia nyingine, na Mwangi hakuwepo. Nilikata kona mpaka nikapita Makina bila kuiona, nikazama kwa vichochoro vya Kibera, nikatokea mtaa wa Raila, mahali ambapo sikuwa na shughuli wala mtu.

Hapo mlango wa mtu ulinisimamisha. Nilikuwa nimeugonga na gurudumu. Watu wakatoka.

"We buda, unaenda wapi?"

"Rusinga," nikasema.

"Rusinga gani? Hii baiskeli ni ya nani?"

Nikasema ukweli. "Ni ya marehemu."

Sasa fikirieni. Mtu hamumjui, macho mekundu, anayumba, na baiskeli anasema ni ya marehemu. "Marehemu gani? Umemuua?" Mmoja akashika usukani, mwingine akanishika kola. Nikasikia neno mwizi. Hilo neno huku kwetu halirudi mikono mitupu, mnajua. Na mimi badala ya kuogopa nilikuwa namwomba yule wa kola anionyeshe njia isiyo na magari.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa anauza omena hapo. Alinisikia nikimwita Nyasaye, Mungu wetu, akaja akaniuliza kwa Kijaluo mimi ni wa wapi. Akaniwekea mkono shingoni, akauondoa haraka.

"Uwii! Mwachilieni! Huyu anachemka. Hapa hakuna mwizi, hapa kuna mgonjwa!"

Wakati huo huo nikamtapikia viatu yule wa kola. Nafikiri hiyo nayo ilisaidia. Kisha mkono wangu ukaanza kutikisika peke yake, halafu mguu, halafu giza.

Walewale waliotaka kunipiga ndio walinibeba. Walipiga simu ya Kadzo kutoka kwa simu yangu, wakaiweka baiskeli ndani ya nyumba ya yule mama. Haikupotea hata kengele. Mungu awabariki, hata wewe wa kola, popote ulipo.

Hospitali kubwa daktari akamwuliza Kadzo, "Huyu amesafiri hivi karibuni?"

"Alienda kwao na baiskeli."

"Kwao wapi?"

"Ziwani."

"Alilala kwa neti? Alimeza dawa ya kuzuia?"

Kadzo anasema kama singekuwa nimezimia, angenizaba kofi hapo hapo. Walinitoa damu, na jibu likarudi: malaria, na imepanda kichwani. Wakaanza sindano za mshipani. Kadzo akauliza kama nitapona. Daktari hakumdanganya.

"Dawa tunayo. Lakini ubongo umeguswa. Wengine huamka wakiwa wazima. Wengine mwili huamka, akili inabaki nyuma. Tutajua akiamka."

Sasa nikae kidogo, maana hapa ndipo penye ile "sijui" yangu, mambo yangu yanachanganyika.

Wao wanasema nilikuwa nimelala siku kadhaa, mpira wa mkojo huku, mpira wa kulishwa puani. Mimi sikuwa nimelala. Mimi nilikuwa naendesha baiskeli. Safari yetu ilikuwa inaendelea, siku moja zaidi, na ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Njia ilikuwa nyeupe, si vumbi la kwetu, nyeupe ya mawe ya chokaa. Nilipita mikorosho. Nilipita kisima ambacho mdomo wake umezungushiwa tairi ya lori. Nilipita kaburi moja limepakwa chokaa, liko peke yake, na mbuzi amelala juu yake. Halafu mahali mawe mawili yanapokaribiana, katikati yake ukaonekana upana wa buluu ambao ziwa halina. Bahari. Nami sijawahi kufika baharini maishani. Lakini niliijua.

Miguu ilizunguka yenyewe. Sikuchoka. Nyuma yangu kulikuwa na sauti ya mnyororo mkavu, kwii, kwii, nikajua ni Mwangi hajatia mafuta, lakini kila nikigeuka sioni mtu. Hakuna gari. Hakuna honi. Bahari ikazidi kukaribia, na niwaambie ukweli, sikutaka kusimama kwa ufuo. Nilitaka kuingia nayo moja kwa moja.

Ndipo nikasikia honi. Moja, ndefu, ya upuzi, kama zile za matatu asubuhi. Bahari iko pale mbele, lakini sheria ni sheria. Mikono ikakata kona kabla mimi sijafikiria.

Nikafungua macho. Kulikuwa na dari yenye madoa, na uso wa Kadzo umefura kwa kulia. Nje ya dirisha, barabarani, matatu bado inapiga honi.

Daktari akaja mbio. "Unajua uko wapi?"

"Baharini," nikasema.

Uso wa Kadzo ulianguka, nikauona unaanguka. Daktari akamwambia polepole kwamba tungoje, wakati mwingine akili hurudi kidogo kidogo. Nikaelewa kwamba nimejibu vibaya. Kesho yake nikasema, "Hospitali." Wote wakafurahi. Lakini ndani yangu nilikuwa nimedanganya.

Kupona si kama sinema. Miguu ilikuwa vijiti. Masikio yalilia kama nyaya za stima. Niliita kijiko "brashi". Nilijisaidia kitandani nikiwa mwanamume mzima, na Kadzo akanibadilisha, na mimi nikageuza uso ukutani nikalia. Binti yetu Neema alipoletwa alijificha nyuma ya mama yake. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko sindano zote.

Niliporudi nyumbani Mwangi akaja kunitembelea na mkate na maziwa. Nikamwambia, "Ile siku ya bahari, niliona kama hukutia mnyororo mafuta."

"Bahari gani, buda? Tulienda lake."

"Baada ya ziwa."

Akatoa simu, akanionyesha picha zote. Ziwa, ziwa, mbuzi, ziwa, mimi nakula samaki, ziwa. Halafu picha ya basi la kurudi. Alikuwa ananiangalia kwa huruma, na ile huruma ikanitia hofu. Nilicheka, nikasema natania.

Lakini usingizi uliniruka. Ile siku niliikumbuka kuliko siku yangu ya harusi. Kama hiyo haikutokea, basi ni nini kingine hakikutokea? Nilianza kumwuliza Kadzo maswali ya kuzunguka. Eti tulioana wapi? Eti Neema alizaliwa mvua ikinyesha? Akijibu, najiuliza kama nakumbuka au nimekubali tu. Na kazi je? Nani atamweka juu ya ngazi mtu ambaye kichwa chake kinakwenda matembezi bila ruhusa? Nilijua jibu la daktari lilikuwa bado linangojewa: je, akili imerudi, au imebaki nyuma? Na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba kipande kimoja bado kiko kwa ile njia nyeupe. Nikanyamaza nacho.

Mpaka alasiri moja. Kadzo alikuwa chini anachagua maharagwe, mimi nimekaa kwa mlango nikinyoosha miguu vile nilivyofundishwa. Nikaona siwezi tena.

"Mama Neema, nitakwambia kitu, na usiite mtu. Nafikiri sijapona. Mimi bado naamini nilifika baharini."

Akaendelea kuchagua maharagwe, kichwa chini. "Ilikuwaje hiyo bahari?"

Nikamweleza. Njia nyeupe. Mikorosho. Nilipofika kwa kisima chenye tairi ya lori, mkono wake ukasimama. Nilipofika kwa kaburi na mbuzi, akasukuma sinia, maharagwe yakamwagika yote sakafuni.

"Mawe mawili?" akauliza. "Halafu bahari inatokea katikati?"

"Ulijuaje?"

Akajifunika uso na leso. Nilidhani analia kwa sababu mumewe ni kichaa. Kumbe analia na kucheka pamoja.

Mnajua Kadzo ni wa Pwani, Mgiriama wa Kilifi ndani ndani. Lakini mwulizeni yeyote hapa, hajawahi kuzungumzia kwao. Nyanya aliyemlea alikufa na yeye hakufika mazishini, na tangu hapo aliufunga ule mlango. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kusikia habari ya kisima wala kaburi.

"Nesi aliniambia niongee na wewe," akasema. "Akasema, mwambie chochote, sikio huwa la mwisho kulala. Basi nikaanza kukukaripia juu ya neti. Nikamaliza. Nikaimba nyimbo za kanisa zote, nikamaliza. Nikakupa umbea wote wa plot, hata ule wa mama wa nyumba ya mwisho. Nikaishiwa, Baba Neema! Sikuwa na neno limebaki ila ile njia ya kutoka kwa nyanya kwenda baharini. Nikakupitisha. Tukifika mwisho, narudi mwanzo, nakupitisha tena."

"Na miguu?" nikauliza. "Miguu yangu ilikuwa inazunguka."

"Si nesi alinifundisha? Nikunje, nikunyooshe, huu halafu huu, viungo visikauke. Nilikuwa nakuendesha mimi. Na hicho kitanda kilikuwa kinalia, kwii, kwii, mpaka majirani wa wodi wakachoka na sisi."

Nyasaye wangu. Yule nyuma yangu, mwenye mnyororo mkavu, alikuwa ni huyu.

Nilishuka pale mlangoni kwa makalio, miguu ikiwa bado dhaifu, nikaanza kuokota maharagwe naye. Nilikuwa mzima. Akili haikubaki nyuma. Ilikuwa tu imekwenda kwa wakwe.

Sasa neno langu kwenu. Nyinyi wa ziwani, wa magharibi, wa Pwani, mnaokwenda nyumbani Desemba mkijisifu kama nilivyojisifu: kwenu hakuwatambui tena. Muulizeni daktari dawa ya kuzuia kabla ya kusafiri. Lala ndani ya neti, shangazi acheke. Na ukirudi ukashikwa na homa, hata kama ni baada ya wiki kadhaa, fungua mdomo useme ulikokuwa, usingoje kuulizwa. Na ukiwa na mgonjwa ambaye haongei, ongea wewe. Mkunje miguu na umnyooshe, kama nesi amekubali. Ukiishiwa na maneno, mpe yale uliyoyaficha.

Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari, na yule mama wa omena, na Mwangi ambaye alisukuma baiskeli kwa mguu kutoka Raila hadi Makina ili isichafuke. Mama Zaituni aliikagua yote, akaniambia, "Imerudi safi. Wewe ndiye umerudi na matope."

Ni yeye aliyetuazima baiskeli tena, tulipopata nguvu ya kwenda Kilifi. Tulibeba neti mbili na tembe zetu. Nilianza kuendesha polepole kutoka pale nyumba ya nyanya ilipokuwa, Kadzo amekaa nyuma kwenye keria, amenishika kiuno. Mikorosho ilikuwepo. Kisima kilikuwepo, ila tairi imeoza upande mmoja. Kwa kaburi la nyanya Kadzo alishuka, akapiga magoti, na mimi nikamwachia muda wake. Nilikuwa sijui hata kwamba ni la nyanya. Hakuniambia hilo kule wodini, aliniambia tu kaburi, lile aliloliona mara moja alipofika amechelewa mazishi.

Tulipofika kwa yale mawe mawili nilifunga breki, nikasimama kwa ufuo. Safari hii sikutaka kuingia. Watu wakituuliza tumewahi kwenda baharini pamoja mara ngapi, Kadzo hujibu haraka, mara moja. Mimi nasema mara mbili, na yeye ndiye alinipeleka zote.